Mdogo wangu amebakwa: tuanzie polisi au hospitali?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 22, ambaye ninaishi naye hapa Ilala, alibakwa usiku wa kuamkia leo na mtu anayemfahamu. Hataki kabisa kusikia habari za polisi, na shangazi anashikilia kwamba bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hakuna daktari atakayemgusa. Nguo zake nimezitia kwenye ndoo, bado sijazifua. Je, kuna mahali ambapo hatalazimika kumsimulia jambo hili kila mtu aliyekaa nyuma ya meza?

Muuguzi:
Poleni sana. Nendeni usiku huu huu, msisubiri kukuche. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na zikiwahiwa ndivyo zinavyofaa zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120. Hospitali ya Amana ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tabibu, mshauri nasaha, ofisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto hushirikiana mahali pamoja, na PF3 hushughulikiwa hapo hapo. Mkikuta kituo kimefungwa, mapokezi ya dharura yamwanzishie dawa. Shangazi hajakosea kuhusu uzito wa fomu hiyo mahakamani, ila tiba ya dharura haipaswi kuisubiri. Nguo zitoe kwenye ndoo, kila moja uiweke katika bahasha yake ya kaki, kwa maana nailoni hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Hata kama ameshaoga, nendeni vilevile.

Mchangiaji wa pili:
Niliyapitia haya miaka kadhaa iliyopita. Nilianzia kaunta ya kituo kimoja cha polisi, nikaulizwa nilikuwa nimevaa nini, huku nyuma yangu wamepanga foleni watu waliopoteza simu. Niliondoka. Kesho yake rafiki alinipeleka kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono. Mama wa ustawi alifunga mlango, akaandika maelezo yangu, na kila aliyeingia baadaye alisoma karatasi badala ya kuniuliza upya. Dawa za kinga humezwa siku 28, nazo zilinichefua hata nusura niziache siku ya 10. Msaidie kukumbuka saa ya kumeza, ila usimsimamie kama mlinzi.

Mwanasheria:
Mdogo wako ni mtu mzima, hivyo asisukumwe kuandikisha maelezo leo. Ajue tu kwamba kutokuwa na shahidi mwingine hakuiui kesi: tangu mabadiliko ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Na kwa kuwa mtuhumiwa anafahamika, tarajieni wazee wa upande wa pili kuja kuomba mmalizane kifamilia. Msipokee chochote, kesi ya ubakaji ni ya Jamhuri, si ya kaya mbili.

Muulizaji:
Asanteni. Tumefika Amana saa nne usiku na dozi ya kwanza ameshameza. Shangazi ametufuata na khanga mbili na chai kwenye chupa, na habari ya PF3 hajaigusa tena. Mdogo wangu amesema askari wa dawati ataonana naye kesho, akishalala.