Hilux LN106: fundi anataka kuchomelea fremu ya keria moja kwa moja kwenye chesisi, nikubali?

mkulima_wa_ilula

Wakuu habari za jioni. Nina Hilux LN106 singo kebini, injini 3L dizeli, bodi ya nyuma ni ile ile ya kiwandani. Natoa nyanya mashambani huku Ilula napeleka Morogoro, saa nyingine mpaka Dar, kwahiyo mteremko mkali wa Kitonga naushuka na mzigo mara kwa mara. Sasa nataka nitengeneze fremu ya vyuma ya kuvalisha turubai, juu ya kebini nipate keria ya kubebea matenga matupu wakati wa kurudi, na sakafu ya bodi niweke bati la cheka pleti (lile nene lenye maua) maana ya chini imeanza kutoboka.

Fundi wa hapa mtaani kaniambia nguzo za fremu azishushe mpaka chini azichomelee kwenye chesisi, alafu keria ya kebini aiunganishe na fremu ya nyuma iwe kitu kimoja, anasema hapo ndo itakuwa ngumu haitetemeki. Kaka yangu ana mashine ya kuchomelea, ile ndogo ya inveta, kazi nyingine tunaweza fanya wenyewe nyumbani. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu kabla sijanunua vyuma. Natanguliza shukrani.

grenda_na_msasa

Mkuu usikubali kuchomelea kwenye chesisi, hilo la kwanza kabisa. Chesisi ya pikapu imetengenezwa ijipinde kidogo njia ikiwa mbovu, ukipiga moto mstari wa kukatisha pale chuma cha pembeni ya weldi kinabadilika tabia, na nguvu zote za kujipinda zinakuja kukaa hapo hapo. Ufa hautauona leo, utakuja kuuona baada ya msimu mmoja wa matope umeanzia kwenye kona ya weldi unatembea kwenda chini.

Funga kwa bolti. Angalia bodi yako imekaa kwenye chesisi kwa bolti ngapi na ziko wapi, nguzo za fremu zikae juu ya sakafu ya bodi karibu kabisa na sehemu hizo, chini yake weka kipande cha flati baa cha milimita 6 kutawanya uzito, bolti ipite kote na springi washa au nati ya kujifunga. Kama kweli unalazimika kushika chesisi tumia yubolti inayoizunguka, au matundu ambayo kiwanda kiliyaacha. Usitoboe upande wa juu wala wa chini wa chesisi, huko ndo kunabeba mzigo wote. Ukibanwa kabisa toboa ubavuni katikati.

La pili ni hilo la kuunganisha keria ya kebini na fremu ya nyuma. Hilo ni baya kuliko la kwanza maana watu wengi wanalifanya na wanaliona la kawaida. Kebini ina miguu yake na raba zake, bodi ina bolti zake, ni vitu viwili tofauti vimekaa kwenye chesisi moja. Nenda sehemu yenye bonde, gurudumu moja lipande jiwe, alafu mtu asimame pembeni aangalie ile nafasi kati ya kebini na bodi: juu inafunguka upande mmoja inafunga upande mwingine. Sasa wewe uzifunge pamoja na paipu ya chuma pale juu, kitu kimoja lazima kiachie, ama weldi za keria au mfereji wa paa la kebini. Nimeshaona LN106 zimechanika pale kwenye mfereji wa paa maji yanaingia mpaka kwenye dashibodi, na mwenye gari analaumu bati la Toyota.

Kwahiyo chagua moja. Ama keria ya juu isimame kwenye fremu ya bodi peke yake, inyooke mbele juu ya paa bila kuligusa, uache nafasi ya kama sentimita 6 hivi, na isizidi nusu ya paa kwa urefu. Ama keria ndogo ya kukaa kwenye mifereji ya kebini peke yake. Kwa matenga matupu yoyote inatosha.

pima_kwanza

Naongezea kwenye uzito maana hapo wengi tunajisahau. Skwea paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa mm 2 ina kama kilo 2.4 kila mita. Fremu ya bodi yako na keria ukijumlisha nguzo, reli za pembeni na mikanda ya juu utafika mita 24 hivi, yaani paipu 4 za mita 6, hiyo ni kilo 57. Bati la mm 3 la futi 8 kwa 4 peke yake ni kilo 70, na cheka pleti inazidi kidogo kwa sababu ya yale maua yake. Tayari uko kilo 127 na hujapakia hata nyanya moja. Kama tenga lako ni kilo 40 umeshapoteza matenga 3 kila safari, mwaka mzima.

Mimi ningetumia paipu ya mm 1.5, hiyo ni kilo 1.8 kwa mita, nguzo za kona tu ndo ziwe mm 2. Na sakafu usiweke mm 3, weka bati la mm 1.5 juu ya sakafu ya zamani uliyoiziba matundu vizuri, au mbao ngumu, nyanya hazihitaji cheka pleti. Nenda dukani na kaliba upime mwenyewe, unene ulioandikwa na unene uliopo mara nyingi haulingani.

Alafu kitu kingine kaka, mzigo wa nyuma ya ekseli. Ukirefusha fremu ipite mlango wa nyuma ili matenga mawili matatu yaning'inie kule, yale ya nyuma kabisa yanaikandamiza chesisi pale nyuma ya kebini na yanainua pua ya gari. Pikapu nyingi zilizopinda zimepindia hapo hapo. Mzigo mzito usogeze mbele ubanane na ukuta wa kebini. Mizani ya barabarani inahusika na magari ya kuanzia tani 3.5 kwahiyo pikapu hakuna wa kukusimamisha akakupima, ni wewe mwenyewe ujipime.

mkulima_wa_ilula

Aisee asanteni sana. Hilo la kebini na bodi nimeenda kuangalia saa hizi hizi, nimepandisha tairi la mbele kwenye kingo ya mfereji, kweli ile nafasi inabadilika kabisa kwa macho. Sasa swali, fundi anasema kwa sababu nitabeba zaidi aniongezee springi moja moja nyuma kila upande. Na kuhusu kuchomelea wenyewe, betri nitoe au niache? Paipu zenyewe tumepata za mabati kwa bei nzuri.

dada_wa_karakana

Shikamoo wakubwa, nijibu hili la kuchomelea maana ndo kazi yangu ya kila siku.

Kama inawezekana fremu yote ichomeleeni chini, nje ya gari, mkimaliza ndo mnaipandisha na kuifunga. Hapo hamna habari ya betri wala tenki wala paipu za breki. Ikibidi kuchomelea kitu kikiwa kwenye gari basi toa waya wa hasi wa betri, chomoa na waya wa altaneta, na klampu ya arthi iwekwe karibu kabisa na pale unapochomelea kwenye chuma kilichosafishwa rangi. Ukiweka arthi kwenye bampa ya mbele unachomelea nyuma, umeme unajitafutia njia kupitia beringi za difu na waya za gari. LN106 haina kontroli boksi ya injini lakini altaneta ina dayodi ndani na zinakufa. Ndoo ya maji na mchanga viwe karibu, na mtu wa kuangalia cheche zinaangukia wapi.

Paipu za mabati: ule mpako wa zinki uondoeni kwa grenda sentimita 3 kila upande wa kiungo, kwa nje na kwa ndani kadri mnavyofika, ndo muwashe moto. Moshi mweupe wa zinki ukiuvuta mchana jioni unapata homa na baridi kali, mwili wote unauma kama una malaria. Watu wanakunywa maziwa, maziwa hayazuii chochote. Fanyeni kazi nje penye upepo, msimame upande upepo unakotokea.

Kwa paipu ya mm 1.5 mpaka 2 tumieni vijiti vya kuchomelea namba 6013 vya mm 2.5, anzeni na ampea 70, chuma kikitoboka shusheni kidogo. Pigeni pointi (weldi ndogo ndogo za kushikiza) fremu nzima kwanza, pimeni kona kwa kona, vipimo viwili vya mshazari lazima vilingane, ndo mfunge weldi kwa kuruka ruka, leo kona hii kesho ya upande wa pili yake. Ukimaliza upande mmoja wote ndo uende mwingine fremu inavutwa inakuwa pinda na haitakaa kwenye bodi. Ile inveta kama umeme wa huko kwenu unashuka shuka jioni fanyeni asubuhi.

pwani_moja

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma, na fremu nyingi za pikapu zinaozea ndani, nje rangi bado inang'aa. Skwea paipu ukiziba ncha zote bila tundu, unyevu ulioko ndani hautoki. Toboeni tundu la mm 6 sehemu ya chini kabisa ya kila nguzo. Zile weldi mlizoondolea zinki zisugueni mpaka chuma king'ae, pakeni redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mikono miwili siku hiyo hiyo msiache mpaka kesho, ndio rangi ya juu. Na kati ya mguu wa fremu na bodi wekeni kipande cha raba ya tyubu, hapo ndipo chuma kwa chuma kinakwaruzana na kutu kuanza. Nyinyi wa Iringa hamna chumvi lakini maji ya nyanya zilizopasuka yana asidi, osheni sakafu kila mkishusha.

grenda_na_msasa

Nirudi kwenye springi mkuu. Kuongeza springi hakuongezi uwezo wa gari. Chesisi, ekseli, beringi na breki ni zile zile, unachopata ni kwamba nyuma hailali, kwahiyo macho yako yanakudanganya kuwa gari halijazidiwa. Kama zilizopo zimechoka zimelala, badilisha zote ziwe nzima kwanza, uone. Ukiona bado unahitaji, ongeza moja kila upande na si zaidi.

Na hapa kuna kitu mafundi wengi hawakigusi kabisa. Chini kule nyuma angalia kama gari yako ina ile valvu ya breki yenye fimbo inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli. Inasoma gari limelala kiasi gani, likilala inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukiinua nyuma kwa springi ile fimbo inadhani gari ni tupu, breki za nyuma zinapunguzwa wakati umebeba tani nzima, na wewe unashuka Kitonga. Ukiongeza springi lazima fimbo irekebishwe, na fundi aliyezoea breki ndo afanye, si wa weldi. Mtu akikwambia aing'oe aifunge moja kwa moja kataa, gari likiwa tupu kwenye mvua nyuma itafunga tairi na kuzunguka.

mkulima_wa_ilula

Nimeshamwambia fundi wa weldi springi zisubiri kwanza. Fimbo ipo, nimelala chini nimeiona, upande wa juu imejaa matope magumu sijui kama hata inacheza. Jumatatu napeleka kwa fundi breki. Fremu tutafanya na kaka chini ya mwembe, paipu za mm 1.5, nguzo nne za mm 2, keria ya juu inashikwa na fremu ya bodi tu. Bolti nitumie za saizi gani?

grenda_na_msasa

M12 zinatosha, zile zenye alama ya uimara 8.8 kichwani, kila mguu wa nguzo bolti mbili. Safari ya kwanza ukifika Morogoro shuka na spana uzikaze zote upya kabla hujashusha mzigo, raba itakuwa imeshalala.

pima_kwanza

Na taa za nyuma zisifichwe na nguzo, wala namba.