Mrejesho: kufundisha watoto wakimbizi Kakuma

Wakuu, heshima kwenu. Niliomba ushauri nikiwa Mtanzania ninayejitolea kufundisha hesabu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, Kenya: watoto hawanielewi, na wanakosa vipindi ovyo. Mengi yamekaa sawa.

Utoro kwanza. Aliyesema nichunguze siku za mgao wa chakula alilenga palepale. Mtoto yuko foleni na mama yake, au kabaki nyumbani kulea mdogo wake. Siku hizo sianzi mada mpya, narudia tu.

Lugha ndiyo kazi. Wakongo Kiswahili wanacho, cha kwao Kivu, tunaelewana. Wa Sudan Kusini wengi hawana. Nikamwaga vizibo vya soda mezani, tukagawana mafungu sawasawa, vilivyobaki wakavigombania. Kugawanya kukaeleweka bila hotuba yangu. Kijana aliyeanza kuota ndevu, yumo na watoto wa darasa la tatu, nimemfanya msaidizi. Aibu imepungua, ingawa bado anakaa nyuma kabisa.

Kinachonisumbua sasa ni kuondoka. Muda wangu unaisha na mbadala hajapatikana. Daftari la maendeleo ya kila mtoto namkabidhi mwalimu ambaye naye ni mkimbizi, maana wageni tunapita, yeye yupo. Mliosema tuchangishe madaftari: nasubiri kibali cha kambi, nikikipata nawaambia.