Wasafirishaji wanaotaja bei ndogo kwenye simu halafu wanaipandisha vitu vikishakuwa ndani ya lori

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri ipoe. Jana nimehama. Nilijipanga miezi miwili nihame kwa gharama ndogo, nikaishia kulipa karibu mara mbili ya bei tuliyokubaliana.

Nilipiga simu kwa wasafirishaji watatu. Wawili waliuliza maswali hadi nikachoka: vyumba vingapi, ghorofa ya ngapi, lifti ipo au haipo, lori linafika mlangoni au linaishia getini, kuna kabati la kufungua, kuna kitu kizito kisichogawanyika. Mmoja akakataa kabisa kutaja bei kabla hajaja kuona. Wa tatu hakuuliza kitu. "Vyumba viwili? Hiyo kazi ndogo," akataja bei ya chini kuliko wenzake wote, nikamtumia advansi siku hiyohiyo.

Sasa nimeelewa. Asiyeuliza hajakadiria chochote. Ametaja bei ya kukuvuta, ile ya kweli anakuja nayo siku ya kuhama, wakati huna pa kukimbilia.

Walikuja wamechelewa kwa saa 3, tena mtu mmoja pungufu. Wakapakia bila kusema neno. Godoro, viti, maboksi, jokofu, vikaingia hadi lori likajaa, mlango ukakomewa. Ndipo msimamizi akatoa karatasi. Ngazi za ghorofa ya tatu, nyongeza. Hatua kutoka mlangoni hadi lori liliposimama, nyongeza. Kufungua kabati, nyongeza. Muda wa ziada, ambao ulitokana na wao kuja pungufu, nao nyongeza! Nikamwambia hatukuongea hivyo. Akanijibu bila hata kunitazama: "Dada, kama hutaki tunashusha hapahapa, ila kazi ya kupakia na kushusha utalipia."

Ninyi mngefanya nini? Nyumba ya zamani natakiwa niwe nimekabidhi funguo saa 10 jioni. Watoto wamekaa juu ya mabegi. Vyeti vyangu vyote vimo ndani ya lori, na niliviweka mimi mwenyewe kwenye boksi badala ya mkobani. Nikalipa. Wanajua utalipa, ndiyo maana karatasi haitoki kabla mlango haujafungwa.

Sasa naomba mnaojiandaa kuhama mnisikilize, kwa sababu ushauri unaozunguka kila mahali ni "tafuta lori la bei nafuu" na "omba marafiki wakusaidie". Lori la bei nafuu ndilo lililonifikisha hapa. Pesa ya kuhama inaokolewa wiki kadhaa kabla lori halijaja, na inaokolewa kwenye vitu usivyovipakia.

Unalipia nafasi. Chukua boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 50: hilo ni lita 80, kwa hiyo maboksi 12 na nusu ya namna hiyo yanajaza mita moja ya ujazo. Nilipopiga hesabu usiku wa kuamkia leo, niligundua nimesafirisha zaidi ya mita mbili za ujazo za vitu ambavyo sijavigusa tangu nilipohamia ile nyumba ya kwanza. Redio mbovu. Nguo zisizomtosha mtu yeyote nyumbani kwetu. Maboksi matupu ya vifaa vya umeme, yaani nimelipa kubebewa hewa. Vitu hivyo ningeviuza au kuvigawa mwezi mmoja kabla, lori dogo zaidi lingetosha na safari ya pili isingekuwepo. Ndiyo, kulikuwa na safari ya pili, na niliilipia.

Basi pita chumba kwa chumba na daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila kikubwa, pima urefu, upana na kimo, zidisha. Ukimpigia msafirishaji ukiwa na jumla ya mita zako za ujazo, idadi ya maboksi, ghorofa na umbali wa mlangoni hadi lori lisimamapo, anakosa pa kuficha nyongeza. Mwambie aandike kwamba hiyo ndiyo bei ya kazi yote, ngazi zikiwemo, kuchelewa kwao kukiwa juu yao, na kwamba salio linalipwa vitu vikishashushwa. Akikataa kuandika, achana naye hata kama bei yake inakutoa mate.

Vitabu msivijaze kwenye boksi kubwa. Lile la lita 80 likijaa vitabu linapita kilo 40, kitako kinaachia ngazini na mbebaji anaumia mgongo. Vitabu viende kwenye maboksi madogo, yale makubwa yabaki ya mito, mablanketi na nguo. Tena mashuka na taulo ndizo zifungie sahani na glasi. Mimi nilinunua plastiki ya viputo bunda zima huku mablanketi yangu yakisafiri peke yake kwenye mfuko. Hiyo pesa inaniuma kuliko ile ya ngazi, kwa sababu hakuna aliyeniibia.

Kuhusu jokofu, hapa ndipo hasira ilipopanda tena. Niliwaambia lisilazwe. Nikalikuta limelazwa chini ya meza. Mafuta ya kompresa yakihama kwenda kwenye mabomba halafu ukaliwasha papo hapo, unaweza kuiua kompresa, na hapo akiba yote ya kuhama inaishia kwa fundi. Lazima lisimame wima saa kadhaa kwanza, na likiwa limelala safari nzima ni salama zaidi kuliacha wima siku nzima. Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele nayo ina skrubu ndefu za kulishika pipa lisicheze njiani. Ukizitupa siku uliyoinunua, siku ya kuhama huna cha kulishikilia.

Kioo cha televisheni kimepasuka. Nikauliza fidia, wakanionyesha nyuma ya risiti, maandishi madogo: fidia inahesabiwa kwa kilo ya kitu kilichoharibika. Kwa kilo! Televisheni ya siku hizi ni nyembamba na nyepesi, kwa hiyo wanachonipa hakifiki hata robo ya kununua nyingine. Aliyeandika sharti hilo anajua fika kwamba vitu vya thamani majumbani ni vyepesi. Ulizeni fidia inahesabiwaje kabla ya kutoa advansi. Jibu likiwa ni uzito, beba mwenyewe kompyuta, televisheni na vyeti.

Siku nayo ina bei yake. Mwisho wa mwezi na Jumamosi kila mtu anahama, wasafirishaji wanajipangia wanavyotaka. Mimi nilichagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa sababu sikutaka kuomba ruhusa kazini. Katikati ya mwezi, katikati ya wiki, ningepata yule aliyetaka kuja kuona kwanza, na nadhani bei yake ingeshuka.

Mwenye nyumba wa zamani naye amezuia dhamana yangu kwa sababu ya ufa ukutani ambao niliukuta. Sina picha ya siku niliyoingia. Huku nilikohamia nimepiga picha kila ukuta, kila bomba, na namba za mita ya umeme na ya maji, kabla boksi la kwanza halijavuka kizingiti.

NAONGEZEA: Kuna ndugu amenijibu kwamba ningewaita marafiki nisingelipa hata senti. Ndugu yangu, kaka yangu alinihamisha mara iliyopita, akateguka kiuno kwa kabati hilihili, akakaa wiki 2 bila kufanya kazi. Kazi yake ni ya kulipwa kwa siku. Msaada wa watu ni mzuri kwenye kufunga maboksi, kupanga jikoni, kushika watoto. Kwenye kitu kizito na ngazi za ghorofa ya tatu, lipeni mtu anayejua kubeba.

Kesho asubuhi naenda ofisini kwao na karatasi yao ya nyongeza, ujumbe wa simu wenye bei ya kwanza, na picha ya lori likiwa limefika saa 3 nyuma ya muda. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa yake na watu wa namna hii, naomba aandike hapa alianzia wapi na alisema nini, nisome leo kabla sijalala.