Kwa nini mbio za spidwei zimefifia Uingereza wakati Poland zinajaza viwanja?

FundiMwanjelwa (Mbeya)

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Mwanjelwa, na vijana wa gereji yetu wamevutiwa mno na mbio za spidwei, ambazo huzitazama kwenye simu jioni kazi inapopungua. Kwa wasiozifahamu, ni waendeshaji wanne wanaoshindana kwa mizunguko minne kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai, na mbio moja huisha kwa takriban dakika moja tu. Pikipiki ni ya silinda moja, cc 500, inatumia methanoli badala ya petroli, ina gia moja na haina breki kabisa. Mwendeshaji huingia kona akiiachia tairi ya nyuma iteleze kuelekea nje, usukani ameukata kulia ilhali pikipiki inakwenda kushoto, na mguu wake wa kushoto, uliovaa kiatu chenye soli ya chuma, unaburuzika juu ya udongo. Sisi tunaoshinda kutwa tukibadilisha breki za bodaboda tunabaki tumeduwaa.

Nina maswali mawili. La kwanza: inakuwaje mchezo uliojaza uwanja wa Wembley, London, kwa watu zaidi ya 90,000 katika fainali ya dunia ya mwaka 1981, leo hauna hata uwanja mmoja jijini London, wakati huohuo Poland watu wanagombania tiketi? La pili: je, ni kweli kwamba ulianzia Maitland, Australia, mwaka 1923, au hiyo ni hadithi iliyorudiwa hadi ikageuka historia? Siulizi kwa kupoteza muda. Tunafikiria kuomba eneo la kutengeneza uwanja mdogo wa mazoezi, na kabla ya kuomba nataka nijue kilichowasibu waliotutangulia.

MzeeGangilonga (Iringa)

Mwanangu fundi, umeuliza jambo lililo moyoni mwangu. Nilisoma uhandisi Wrocław katika miaka ya 1980, na wenzangu wa bweni walikuwa wakinichukua mwisho wa juma kwenda Leszno, mji usio mkubwa kuliko Iringa, ambao timu yake ya Unia ilitwaa ubingwa wa Poland miaka mitatu mfululizo, 1987, 1988 na 1989. Watu walitoka kanisani Jumapili wakapata chakula, kisha familia nzima, bibi na wajukuu, ikaelekea uwanjani. Kila mmoja alikuwa na kijitabu cha ratiba na kalamu, na baada ya kila mbio alijaza pointi kwa mkono wake: tatu kwa wa kwanza, mbili kwa wa pili, moja kwa wa tatu, na wa mwisho hana kitu. Nilimwona bibi mmoja akimkaripia mjukuu wake kwa kujaza safu isiyo yake. Harufu ya uwanja ule sijaisahau, kwa sababu injini zile zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, na moshi wake una utamu fulani ambao petroli haina.

Sasa nije kwenye jibu. Watu wengi watakwambia kwamba Waingereza walichoka. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu nimeufuatilia mchezo huu tangu nirudi nyumbani, na ninachokiona ni suala la ardhi. Klabu nyingi za Uingereza tangu mwanzo zilikuwa wapangaji. Zilikimbiza pikipiki kwenye viwanja vya mbio za mbwa au vya maonyesho, vilivyomilikiwa na watu wengine, na mwenye kiwanja alipopata mnunuzi wa kujenga nyumba au maghala, klabu iliambiwa ihame. Uwanja wa Hyde Road wa Belle Vue, Manchester, mojawapo ya klabu kongwe kuliko zote, uliuzwa mwaka 1987. London ilikuwa na Wembley, West Ham, Wimbledon, New Cross, Harringay na Hackney, na kote huko leo hakuna spidwei. Mpangaji hana sauti, hata akiwa bingwa.

Poland mambo ni tofauti, kwani viwanja vingi ni mali ya manispaa. Mji wa Toruń ulijenga uwanja mpya mahususi kwa spidwei, wenye paa juu ya majukwaa, ukafunguliwa mwaka 2009. Diwani wa kule anayetaka kuufunga uwanja wa spidwei lazima kwanza ajiulize atawaambia nini wapiga kura.

MsafiriMakambako

Kwa heshima zote, mzee wangu, naona umeipa ardhi lawama nyingi kuliko inavyostahili. Viwanja havikuanza kufungwa juzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia watu walifurika, kisha katika miaka ya 1950 televisheni ikaingia majumbani, na serikali ya Uingereza ikawa inatoza kodi ya burudani iliyoubana mchezo huu kuliko michezo mingine iliyopendelewa, kriketi ikiwemo. Timu ya Wembley, iliyokuwa imetwaa ubingwa mara kwa mara, ilifungwa kabla ya msimu wa 1957, mara baada ya kufariki kwa Arthur Elvin, mkuu wa uwanja ule. Hakuna aliyeleta tingatinga siku hiyo; uwanja uliendelea kusimama kwa miongo mingi.

Jambo jingine ni kwamba kushuka huko hakukuwa mteremko mmoja ulionyooka. Mwaka 1960 ilianzishwa ligi ya mikoani kwa gharama ndogo, na mwaka 1965 ligi mbili zikaunganishwa kuwa Ligi ya Uingereza yenye timu 18, mchezo ukapata uhai mpya kwa miaka mingi. Kama ardhi ingekuwa sababu pekee, ufufuo huo usingewezekana. Mimi nasema gharama na fedha ndizo zilizoumaliza baadaye. Tangu mwaka 1995, fainali ya siku moja ya ubingwa wa dunia ilipobadilishwa kuwa Grand Prix, yaani mfululizo wa mashindano ya raundi kadhaa, mwendeshaji mkubwa anahitaji injini nyingi, mafundi wake mwenyewe na gari la kumzungusha Ulaya nzima. Anayelipa vizuri ni Poland, basi nyota wengi wakaipa Poland kipaumbele, na shabiki wa Uingereza akaachwa akitazama mbio asizoweza kuwaona ndani yake mabingwa aliowasikia.

MwalimuNjombe

Nami nichangie kwenye swali la pili, kwa kuwa historia ndiyo kazi yangu.

Kilicho na uhakika ni kwamba tarehe 15 Desemba 1923 zilifanyika mbio za pikipiki usiku, chini ya taa za umeme, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa West Maitland, jimbo la New South Wales, na kwamba Johnnie Hoskins, mzaliwa wa New Zealand, ndiye aliyekuwa katibu aliyeziandaa. Hoskins baadaye alihamia Uingereza akawa promota kwa miongo mingi, na alikuwa msimuliaji hodari sana. Hapo ndipo wanahistoria wanapogawanyika. Pikipiki zilikuwa zimeshindana kwenye viwanja vya udongo huko Marekani na Australia kwenyewe kabla ya usiku ule, kwa hiyo wapo wasemao kwamba Hoskins hakuanzisha mbio bali aliuanzisha mchezo kama biashara yenye ratiba na watazamaji wanaorudi wiki baada ya wiki. Naona hoja yao ina uzito, ingawa haimpunguzii heshima yake.

Uingereza nayo ina ugomvi wake. Wengi husherehekea tarehe 19 Februari 1928, siku ya mbio za High Beech, nyuma ya baa moja katika msitu wa Epping, ambako watu walifurika kupita matarajio yote ya waandaaji. Hata hivyo, mwezi Mei 1927 zilikwisha kufanyika mbio Camberley, isipokuwa zilikimbizwa kwenye mchanga na kwa mwelekeo wa saa, kinyume cha kanuni ya spidwei. Mwezi uliofuata zikafanyika nyingine Droylsden, karibu na Manchester. Ukiamua kwamba spidwei ni lazima izunguke kuelekea kushoto, Camberley inatoka. Usipoamua hivyo, High Beech inapoteza taji. Ndiyo maana ugomvi huu hauishi: kila upande unahesabu kitu tofauti.

Kuna ukurasa mwingine ambao mashabiki wa kale huupita haraka, nami sitaupita. Mwaka 1930 wanawake walipigwa marufuku kushindana katika spidwei ya Uingereza. Haikuwa kwa sababu hawakuweza. Fay Taylour wa Ireland alikuwa amekwenda hadi Australia na kuwashinda wanaume waliokuwa wakisifiwa kule, na watu walilipa kiingilio ili wamwone yeye. Baada ya marufuku alihamia mbio za magari. Huyohuyo Taylour, wakati wa vita, aliwekwa kizuizini kwa sababu ya kuunga mkono ufashisti, na hilo nalo lisifichwe na wanaomtafutia sanamu. Ninapowasikia watu wakililia enzi za dhahabu, huwa nawauliza kama wanajua kwamba mchezo wenyewe uliwafungia wanawake mlango wa kushindana, ukiwa bado mchanga.

FundiMwanjelwa

Shikamoo mzee wa Gangilonga, na asanteni nyote. Mwalimu, vijana wanakupongeza. Binti mmoja anayejifunza ufundi hapa kwetu ameusoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya wote. Naomba niongeze swali. Kuna video inayodai kwamba fainali ya kwanza ya dunia, mwaka 1936, iliibwa. Ukweli ni upi?

MwalimuNjombe

Kilichotokea kinaeleweka, ila nia za watu ndizo zenye utata. Kila mwendeshaji aliingia fainali ya Wembley akiwa na pointi za nyongeza alizopata katika hatua za awali. Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mbio zake zote tano usiku ule, lakini nyongeza yake ilikuwa ndogo, akaishia na pointi 25. Lionel Van Praag, naye Mwaustralia, na Eric Langton wa Uingereza walifikisha 26 kila mmoja, wakalazimika kukimbia mbio ya kuamua, na Van Praag akashinda. Maneno yaliyosemwa miaka ya baadaye ni kwamba wawili hao walikuwa wamekubaliana kugawana fedha kabla ya kupanda pikipiki. Wizi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa ndani ya kanuni zenyewe, kwa sababu mtu asiyeshindwa hata mara moja hakupata ubingwa. Wilkinson aliupata mwaka 1938.

AliyerudiTukuyu

Nimesoma kimya hadi hapa, lakini niliishi Coventry kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na sasa nalazimika kumuunga mkono mzee. Ndugu wa Makambako ana haki kuhusu miaka ya 1950. Kuhusu miaka ya karibuni, hapana.

Timu ya Coventry iliitwa Nyuki, na uwanja wake ulikuwa Brandon, nje kidogo ya mji. Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuwa Mwafrika pekee kwenye jukwaa letu, na mzee aliyeketi kando yangu alinipa kalamu yake ya akiba, akanifundisha kusoma rangi za kofia: nyekundu na bluu za wenyeji, nyeupe na njano za wageni. Timu ile haikufa kwa kukosa watu. Msimu wa mwisho pale ulikuwa 2016, kisha wamiliki wa ardhi wakataka kujenga nyumba. Uwanja ulifungwa, ukavamiwa na wahuni, ukachomwa moto zaidi ya mara moja, majukwaa yakabaki vyuma vyeusi. Mashabiki waliunda kikundi cha kuutetea, wakaandika barua, wakahudhuria vikao, na mwaka 2022 baraza la Rugby, wilaya ulipo uwanja huo, lililikataa ombi la ujenzi wa nyumba. Ushindi ule ulinipa furaha kubwa, lakini kukataa nyumba hakurudishi pikipiki.

Baada ya hapo msimu wa 2023 ukawa wa mwisho Peterborough na Wolverhampton pia. Wolverhampton ilikuwa na timu nzuri na watazamaji wake, ila mwenye uwanja aliona mbio za mbwa zinamlipa zaidi. Ninaposikia kwamba watu walichoka, nakumbuka foleni niliyosimama mwenyewe.

Mfano wa upande wa pili ni Belle Vue. Uwanja wao uliuzwa 1987, wakahangaika kwenye uwanja wa mbwa kwa miaka mingi, na mwaka 2016 ukafunguliwa uwanja mpya wa taifa wa spidwei pale Manchester kwa msaada wa halmashauri ya jiji. Wasimamizi wa klabu walipata matatizo ya fedha mwaka uleule wa kwanza, jambo ambalo lingeua klabu ya mpangaji wa kawaida, lakini uwanja ulikuwa na mwenye nia ya kuuendeleza, na mbio zinaendelea hadi leo.

MsafiriMakambako

Hapo kwa Belle Vue nimekuelewa. Bado nashikilia kwamba uwanja wa umma bila watu wa kulipa ni shamba la nyasi, lakini Wolverhampton sina jibu nayo.

MzeeGangilonga (Iringa)

Fundi, basi nikusaidie kwenye barua yako. Uwanja rasmi una urefu wa kati ya mita 260 na 425 kwa mzunguko, lakini kwa mazoezi ya vijana mdogo zaidi unatosha. Angalieni sana maji yanakoelekea, kwa sababu mvua za Mbeya za kuanzia Novemba hadi Aprili zitaugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi, na hata Uingereza mbio huahirishwa kwa mvua ndani ya msimu wao wa kiangazi. Pikipiki za methanoli ziacheni kwa sasa, anzeni na hizo cc 125 mlizo nazo, kofia ngumu na uzio unaobonyea, maana uzio mgumu umewaua waendeshaji wazuri.

Kabla ya hayo yote, nendeni ofisi ya mipango miji mkaulize eneo hilo limepangiwa matumizi gani kwenye ramani. Kama ni la makazi au biashara, msipokee hata mkipewa bure kwa mdomo. Ombeni eneo lililotengwa kwa michezo, jina la anayelimiliki liandikwe kwenye hati, na muda wa matumizi yenu uandikwe kwa miaka. Na huyo binti anayejifunza ufundi, jina lake liwemo kwenye orodha ya waombaji.