Mama ana dimenshia, mazoezi ya nguvu yanamsaidia au tunamchosha tu?

Binti Ngamiani
Habari zenu wakuu. Niko Tanga mjini nakaa na mama, ana miaka 78, hospitali walishatuambia ni dimenshia. Kusahau tumeshazoea, akiniita jina la marehemu dada yake naitika maisha yanaenda. Shida ni mwili. Zamani alikuwa anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi mbili hana habari, saivi kuinuka kwenye mkeka mpaka tumshike wawili, na chooni ndo balaa maana choo chetu cha kuchuchumaa. Kuna kijana wa fiziotherapia kanambia nimfanyishe mazoezi ya nguvu, ndugu wamenijia juu eti mtu hajitambui unamtesa wa nini. Kuna mwenye uzoefu?

Kaka wa Raskazone
Pole dada. Mie nasema mwacheni bi mkubwa apumzike, kafanya kazi maisha yake yote. Halafu mazoezi hayarudishi kumbukumbu, kuna utafiti wa Uingereza ulishasema.

Nesi Mstaafu
Utafiti huo naujua kaka, unaitwa DAPA, ulitoka 2018, watu karibu 500 wenye dimenshia, baadhi wakapewa mazoezi ya kukimbiza moyo na ya kunyanyua uzito miezi minne. Kweli akili haikupata nafuu, na hata shughuli za kila siku hawakuona tofauti, ingawa mwili ulipata nguvu. Lakini usiishie hapo. Ufini walifanya FINALEX, ikatoka 2013, wagonjwa 210 wa Alzheimer, hiyo ni aina mojawapo ya dimenshia, wanaoishi na wenzi wao, mwaka mzima. Kuna kundi mtaalamu aliwafuata nyumbani mara mbili kwa wiki saa nzima, mazoezi ya nguvu, ya kusimama bila kuyumba na ya kutembea. Wote walishuka, tusidanganyane, ila wale wa nyumbani walishuka taratibu zaidi kwenye kujihudumia, na waliofanya mazoezi walianguka mara chache kuliko wasiofanya. Kwa hiyo dada usimfanyishe ili akukumbuke jina, mfanyishe ili aende chooni mwenyewe.

Anza na kuinuka kitini. Kiti cha kulia chakula kiegemee ukutani, weka mto au kipande cha godoro kiwe juu kidogo, miguu airudishe nyuma ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndo asimame. Kushuka ashuke polepole, hapo ndo paja linafanya kazi. Akizoea unapunguza kimo cha mto. Usimpe maelezo marefu, simama mbele yake ufanye naye, sema "haya, juu" basi. Saa ile ile kila siku, mfano kabla ya udhu wa alasiri, mwili unazoea hata kichwa kikisahau.

Mjukuu wa Kaole
Hapo kwenye maelezo umenena shangazi. Bibi yangu huku Bagamoyo ukimwambia mazoezi anagoma anakununia mpaka jioni, ukimwambia bibi njoo unishikie hiki kindoo anakuja mbio. Tunajaza maji kidogo tu, anabeba toka kisimani mpaka mlangoni na mtu yuko pembeni yake. Na choo tulichukua kiti cha plastiki tukakitoboa katikati tukakiweka juu ya tundu, kuchuchumaa kukaisha. Ila kiti kisiwe kile chepesi cha harusini, kinateleza.

Binti Ngamiani
Asanteni sana jamani. Ana presha na magoti yanamuuma, hapo vipi?

Nesi Mstaafu
Presha ikiwa imetulia kwa dawa hakuna tatizo, asibane pumzi tu wakati wa kuinuka. Kifua kikibana au akipata kizunguzungu acha. Magoti kuuma kidogo kunavumilika, goti likivimba mpumzishe. Nenda na dawa zake zote hospitali wazipitie, za usingizi hasa zinaangusha wazee. Na chakula jamani, mtu anakunywa chai na andazi kutwa nzima msuli utoke wapi, mpe dagaa, maharage, yai. Halafu akidhoofika ghafla ndani ya siku mbili tatu usiseme ni dimenshia, kapimwe mkojo na malaria.

Kaka wa Raskazone
Mie bado naona watu wazima tunawasumbua, ila hilo la kiti cha choo naliunga mkono.

Binti Ngamiani
Haya, fundi wa kiti anakuja Jumamosi. Uzi huu nimewarushia ndugu kwenye grupu, naona tiki za bluu tu hakuna anayejibu.