Kibodi ya vitufe 36 kwa anayeandika Kiswahili kutwa: nihamie na mpangilio mwingine wa herufi?

MfasiriK:
Wakuu, habari zenu. Nimeanza kutumia kibodi iliyogawanyika vipande viwili, yenye vitufe 36 tu. Kila mkono una safu wima tano za vitufe vitatu vitatu, na vingine vitatu vya kidole gumba. Namba, vishale na alama nyingi zimo kwenye matabaka: unashikilia kitufe cha gumba, herufi zinageuka kuwa kitu kingine.

Kazi yangu ni kutafsiri. Mabega yamepata nafuu kubwa, ila kasi imeshuka. Ritifaa ndiyo inanitesa: ng'ombe, ng'oa, ng'ambo, kila mara lazima nishikilie tabaka la alama. Na B naitafuta kwa mkono wa kulia, kumbe ipo kushoto. Kwa kuwa nimeshaanza upya, nihamie Dvorak au Colemak, ile mipangilio mingine ya herufi, moja kwa moja? Na kwenye kompyuta ya ofisini yenye kibodi ya kawaida, vidole havitachanganyikiwa?

TabakaLaPili:
Usibadilishe mawili kwa mpigo. Umbo kwanza, herufi baadaye, kama bado utazitaka.

FundiVitufe:
Mkuu MfasiriK, mimi nasema herufi ziache kabisa, na sababu ni Kiswahili chenyewe. Dvorak (hataza yake ni ya 1936) na Colemak (2006) zilipangwa kwa kuangalia Kiingereza. A, ambayo sisi tunaibonyeza kuliko herufi nyingine yoyote, zote mbili zimeiacha palepale kwenye kidole cha mwisho cha kushoto. Hapo hujapata kitu.

Halafu angalia K. Kwenye QWERTY, mpangilio wa kawaida, ipo mstari wa kati, chini ya kidole cha kati cha kulia, mahali pazuri sana. Colemak inaishusha mstari wa chini. Dvorak ina mambo zaidi: K, U na I zote zinaangukia kidole cha shahada cha kushoto. Jaribu kuandika "kukimbia" hapo. Kidole kimoja kinashuka, kinapanda, kinashuka tena, kinapanda tena, wakati vingine vinatazama. Na vitenzi vyetu vinaanza na ku-! Kweli QWERTY nayo inakupa "ki" kwa kidole kimoja, lakini "ku" inagawanyika vidole viwili vizuri. Sioni faida ya kuhama.

Unachoweza kubadilisha ni alama. Ukitoa herufi 26 kwenye vitufe 30 vinabaki vinne, na watengenezaji wengi huweka nukta-mkato kwenye kimoja. Mfasiri anaihitaji mara ngapi? Ipeleke kwenye tabaka, ritifaa ikae hapo, chini ya kidole cha mwisho cha kulia. Q pia hatuitumii kwenye maneno yetu, lakini usiifute, majina ya kigeni yatakudai. X iache kwa ajili ya Ctrl+X.

Namba zipange kama kikokotoo, 7 8 9 juu na 1 2 3 chini, upande wa kulia. Mistari ni mitatu, zinakaa sawasawa.

Kuhusu B, vumilia. Mistari ya kibodi ya kawaida imepishana kwa sababu ya mashine ya kuchapa ya Sholes, ile Remington waliyoanza kuiuza 1874. Vyuma vya vitufe vilihitaji nafasi ya kupita kimoja kando ya kingine. B ikaangukia katikati, mikono yote miwili inaifikia. Kwako vyuma havipo, na B ina mkono mmoja tu.

MfasiriK:
Ahsante sana, kaka. Ritifaa nimeihamisha, tofauti naiona tayari. Jambo jingine: nikiandika "awali" au "awamu", ukurasa unafungwa wenyewe. A yangu imewekwa kuwa Ctrl ikishikiliwa.

FundiVitufe:
Hapo kibodi inasoma Ctrl+W, amri ya kufunga ukurasa. Kwenye QMK, programu ya ndani ya kibodi kama hizi, kikomo cha kawaida ni milisekunde 200. Kidole kikikaa juu ya A zaidi ya hapo, inahesabiwa umeishikilia. Na anayejifunza hukawia kwenye kitufe huku akitafuta kinachofuata. Unaweza kupandisha kikomo hadi 250, lakini kwa Kiswahili mimi ningeiondoa Ctrl kwenye A kabisa. Iweke Z, au kwenye gumba.

TabakaLaPili:
Naunga mkono ya Z. Na la ofisini lisikutie hofu, dada. Mimi natumia zote mbili kila siku. Umbo limetofautiana mno kiasi kwamba vidole vinajua viko wapi mara tu vinapogusa. Wanaochanganyikiwa ni wenye kibodi mbili zinazokaribia kufanana. Wewe andika hata aya moja moja kwenye ile ya kawaida usiipoteze, basi.

MfasiriK:
Nimehamishia Ctrl kwenye Z. "Awali" tano mfululizo, ukurasa bado upo. Sasa napanga namba.