Kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya miaka mitano: haki au pambo la Katiba?

Mleta mada: Ibara ya 104 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge wao kabla muhula haujaisha. Tangu hapo hakuna mbunge wala seneta hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Je, kizuizi ni sheria, au ni sisi wapiga kura? Leteni hoja, matusi yabaki nyumbani.

Mchambua Vifungu: Katiba ilitoa haki, kisha ikaliachia Bunge litunge utaratibu. Yaani mbuzi aliambiwa aandike mwenyewe masharti ya kuchinjwa kwake. Akaandika, tena kwa bidii.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011, vifungu vya 45 hadi 48, ilitaka kwanza ipite miezi 24 tangu uchaguzi, na isibaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu unaofuata. Kwa waliochaguliwa 9 Agosti 2022, nafasi ni kati ya Agosti 2024 na Agosti 2026. Halafu sababu zilikuwa tatu tu: mbunge awe amekiuka sura ya sita ya Katiba, ile ya maadili ya uongozi, awe ametumia vibaya mali ya umma, au awe amepatikana na kosa la uchaguzi. Na kabla hujagusa kalamu, Mahakama Kuu iwe imekwisha kuthibitisha jambo hilo. Uvivu haukuwa sababu. Kutoonekana mashinani miaka minne hakukuwa sababu. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivifuta vipengele hivyo vya sababu na vya amri ya mahakama, ikafuta pia kile kilichomzuia aliyeshindwa uchaguzi kuanzisha ombi, na kile cha asilimia 50 nitakachokieleza nikiulizwa. Bunge lilipaswa kuziba pengo. Nani wa kulisukuma?

Karani wa Sahihi: Mwenzangu umeeleza mlango, mimi nieleze ngazi. Idadi ya sahihi haikufutwa: asilimia 30 ya wapiga kura walioandikishwa katika eneobunge. Mwaka 2022 daftari lilikuwa na watu 22,120,458. Gawa kwa maeneobunge 290, wastani ni 76,277. Asilimia 30 yake ni 22,883. Wabunge wengi huingia kwa kura chache kuliko hizo, kwa hiyo unatakiwa kukusanya watu wengi kuliko waliomchagua, ndipo uruhusiwe tu kuuliza swali.

Tena sahihi zisitoke upande mmoja. Katika zaidi ya nusu ya wadi lazima upate angalau asilimia 15 ya wapiga kura wa wadi hiyo. Eneobunge la wadi tano linakupa wadi tatu, kama watu 2,288 kila moja. Ukipeleka ombi IEBC, yaani tume ya uchaguzi, una siku 30 za kuwasilisha orodha. Fanya hesabu: sahihi 763 kila siku, Jumapili ikiwemo. Fomu ya mistari 20 inakupa kurasa 1,145, na kila mstari unahitaji jina, anwani, nambari ya kadi ya kura, nambari ya kitambulisho au pasipoti, na sahihi.

Hapo ndipo kazi huharibikia. Watu hukariri nambari ya kitambulisho kutoka kichwani na kukosea tarakimu moja. Wengine wanaishi eneobunge hili lakini walijiandikisha kule walikozaliwa, na hao hawahesabiki hata wakitia sahihi kwa damu. Wengine hutia sahihi mara mbili, asubuhi sokoni na jioni kanisani. Na wapo vijana wa kulipwa kwa ukurasa, hao hukaa chini ya mwembe wakaandika kijiji kizima kwa mwandiko mmoja. Mnakumbuka Okoa Kenya, ile kampeni ya upinzani ya kubadilisha Katiba? Walihitaji sahihi 1,000,000 ili kuanzisha kura ya maamuzi. Machi 2016 tume ikakubali 891,598. Kwa hiyo anayehitaji 22,883 asikusanye chini ya 30,000, na kila jioni alinganishe fomu na daftari kabla wino haujakauka.

Sina Imani: Na asilimia 50 je?

Mchambua Vifungu: Baada ya tume kuthibitisha sahihi kwa siku 30, humwarifu Spika ndani ya siku 15, kisha kura ya ndiyo au hapana hufanyika ndani ya siku 90. Wingi wa kawaida ndio unaoamua. Lakini kifungu cha 48 kilitaka kuwe na kibali cha angalau nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa. Nusu ya daftari zima! Hicho ndicho kilichofutwa. Na hata ukishinda, sheria inamruhusu aliyeondolewa kugombea tena katika uchaguzi mdogo unaofuata. Hilo mimi silipingi, wananchi ndio wenye neno la mwisho.

Sina Imani: Basi mimi naona sheria ilikuwa na busara. Shusheni kiwango mpaka asilimia 10 muone: kila aliyeshindwa atafungua ofisi ya sahihi siku ya miezi 24. Mbunge atakayepiga kura ngumu bungeni, ya kodi au ya kuhamisha watu msituni, atatishwa na kundi lenye pesa. Haki ya kuchagua ina wajibu wa kuvumilia ulichochagua.

Karani wa Sahihi: Uingereza kiwango ni asilimia 10, ndani ya wiki sita, na fujo haikutokea. Siri yao ni kwamba ombi halianzishwi na mtu yeyote. Huanza mbunge akihukumiwa kifungo, au akisimamishwa siku 10 za vikao au zaidi, au akipatikana na hatia ya kudanganya marupurupu. Mwaka 2018 North Antrim ilifika asilimia 9.4 na mbunge akabaki. Mwaka uliofuata Peterborough walimwondoa wao. Kiwango cha chini, mlango mwembamba. Sisi tulijenga mlango mwembamba halafu tukaweka na ngazi ya kutokea kisimani.

Jirani wa Holili: Ndugu zangu wa Kenya, angalau nyinyi mna kifungu cha kugombania. Huku kwetu Tanzania, Rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba ya 2013 ilitaka wananchi waweze kumwondoa mbunge. Bunge Maalumu la Katiba likakiondoa kipengele hicho 2014. Katiba ya 1977 inasema mbunge akipoteza uanachama wa chama chake, amepoteza kiti. Chama kina mkono huo, jimbo halina. Swali langu: fomu ya sahihi ni siri?

Karani wa Sahihi: Si siri, na hapo umegusa donda. Kura unapiga kwenye kibanda. Sahihi unaitia jina lako likisomeka, kwenye karatasi itakayokaguliwa na kupingwa mahakamani. Mzazi anayesubiri basari ya eneobunge atafikiri mara mbili, maana anajua nani ana ushawishi kwenye kamati inayoigawa. Kwa maoni yangu hilo linaua ombi kuliko asilimia 30. Dawa yake ni vituo vya kutia sahihi vinavyosimamiwa na tume, na orodha isitolewe kwa mbunge bali idadi tu, huku mahakama ikibaki na ruhusa ya kuikagua.

Sina Imani: Na mtu akiandikwa bila kujua? Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama wasivyovijua.

Mchambua Vifungu: Ndiyo maana kituo ni bora kuliko fomu ya kuzungushwa. Anayetaka hilo liwe sheria aandike ombi kwa Bunge chini ya Ibara ya 119: maandishi, jina na anwani, aeleze wazi anataka kifungu kipi kibadilishwe, na aseme kama jambo liko mahakamani au la. Halihitaji wakili. Wala halihitaji sahihi 22,883, moja inatosha.

Sina Imani: Kwa hiyo tunamwomba yule yule mbuzi.

Mchambua Vifungu: Yule yule. Safari hii angalau tumwandikie rasimu sisi.